Masikio Mawili, Mapacha Wawili

Busia (Kenya), 4 Aprili 2020

Kwa Mama mkwe Apendi,

Nakusalimu kwa heshima, Mama. Natumaini mguu umepata nafuu na kuku hawajaibwa tena. Mimi ni mzima wa mwili. Duka la dawa bado linafunguliwa, tunauza tukiwa na barakoa, na mwenye duka amekuwa mkali kwa sababu ya hofu. Mwanao Ochwo alinipigia kutoka Karamoja wiki iliyopita. Kambi yao imefungwa, hatoki askari wala haingii mgeni.

Mama, niliwaacha Opio na Adongo kwako kwa siku tano tu, ili ngoma yao ya mapacha ichezwe kama ulivyotaka ukoo wenu. Kabla sijarudi kuwachukua mpaka ukafungwa. Sasa nasimama hapa ng'ambo natazama malori yakivuka na watu hawavuki. Saruji ya Tororo inaruhusiwa kuja kwangu, watoto wangu hawaruhusiwi.

Nakuandikia ili maagizo yakae mbele ya macho yako, maana kwenye simu unasema umeelewa kisha mtandao unakatika, na mimi si mjinga, najua mtandao unakatwa na nani. Opio anasikia. Adongo alizaliwa hasikii, hilo unalijua. Ule upasuaji wa Februari ni nusu ya kazi. Ndani ya kichwa chake wameweka sumaku na waya. Nusu ya pili ni zile mashine mbili za nje zilizowashwa tarehe 11 Machi: nyekundu ya sikio la kulia, bluu ya sikio la kushoto. Kile kidude cha duara kinajishika chenyewe kichwani. Mashine zikivuliwa, Adongo ni kiziwi kama siku aliyozaliwa. Mvalishe akiamka, mvue akioga na akilala, basi. Betri zinakaa siku tatu.

Daktari Metrine wa masikio aliniambia bila kuzunguka: mwaka huu ndio mwaka wake. Kichwa cha mtoto kinajifunza maneno sasa. Ukipita bila kusikia, baadaye atasikia makelele tu, maneno hayatamwingia.

Ilukor, dereva wa lori la saruji, amekubali kubeba barua na betri hadi Tororo, halafu boda za mizigo zifikishe Paya. Tafadhali umsemeshe Adongo. Kwa Dhopadhola, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote. Asikie mtu.

Mimi mkaza mwanao,
Aidah


Paya, 21 Aprili 2020

Kwa Aidah, Mama Mapacha, huko kwa Wasamia,

Pokea salamu za boma hili. Mguu ni ule ule. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche, mahindi yameota vizuri. Soko la Nagongera limefungwa, watu wanauziana nyanya kwa kunong'ona. Barua yako ilifika ikinuka saruji. Ilukor alinipigia akasema, "Mama, mimi nabeba simiti tu, lakini hii maneno yenu iko mzito kupita simiti." Nilicheka, na sikuwa nimecheka tangu ngoma.

Umeniandikia kama bibi wa nyumba anavyomwandikia yaya. Mimi nimezaa wanane na kulea sita katika kambi ya Rubongi, mume wangu Koplo Owor akiwa vitani nusu ya kila mwaka, na hakuna mtoto wangu aliyeletwa na karatasi ya maagizo. Ni jeshi lililonifundisha hiki Kiswahili, kwa hiyo kukisoma najua. Sikio halipiti kichwa, Aidah.

Na habari za masikio usinifundishe. Mimi ninalo moja. La kushoto lilikufa mwaka themanini na saba kwa kofi la koplo. Kwa hili la kulia nimelea, nimelima, na nimesikia kila lililosemwa juu yangu, pamoja na lile unalosema wewe kwa mama yako. Moja linamtosha mtu.

Watoto hawajambo. Baada ya Pasaka Opio alishikwa na homa siku nne, anatetemeka, hataki hata uji. Dawa ya malaria nilimpa, haikushika. Ninyi mliosoma mtasema mbu. Mimi nilikaa nikawatazama wote wawili kwenye mkeka, nikaona jambo ambalo hamkuliona huko hospitali kwenu. Nimelitengeneza. Kesho yake Opio alikula. Usiniulize zaidi, mambo ya mapacha yana wenyewe.

Adongo anavaa kila siku. Anang'oa, narudisha. Tuma betri.

Mama wa mumeo,
Apendi


Busia, 9 Mei 2020

Kwa Mama mkwe,

Salamu, Mama, na pole ya kuku. Hapa mama yangu anaendelea vizuri, amepunguza kwenda mwaloni kununua samaki kwa sababu ya msongamano. Barua yako ilikaa siku kumi na nne na Ilukor kwenye foleni, akisubiri majibu ya kipimo cha korona. Alilala chini ya lori lake. Anasema kati yetu wewe ndiye unayeandika barua nene.

Nashukuru Opio amepona. Lakini umetengeneza nini? Nimesoma mstari ule mpaka karatasi imechakaa. Kama umewachanja chale, niambie. Kama wembe umegusa kichwa cha Adongo karibu na kovu, uchafu ukiingia unakwenda moja kwa moja kwenye ubongo, na hapo sitakuwa na mkwe wala shemeji wala ukoo. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu.

Pole kwa sikio lako. Ila sikio lako lilikufa ukiwa mtu mzima, mwenye matusi na sala na majina ya watoto wako yote kichwani. Adongo hajui hata jina lake. Usimpime kwa kofi la koplo.

Nimeweka pakiti nne za betri. Nijibu nililouliza.

Aidah


Paya, 2 Juni 2020

Kwa Aidah,

Nakusalimu, ingawa barua yako haikuwa na adabu. Mvua ni nyingi, maharage yanaoza shambani. Karanga ziko salama. Mguu siutaji tena, utachoka kuusoma.

Hakuna aliyechanjwa. Wembe sikuushika. Niliridhia uolewe na mwanangu nikijua Wasamia ni wepesi wa samaki na wepesi wa hasira, basi najilaumu mwenyewe.

Nitakueleza kitu kimoja, ukisome polepole. Pacha hapewi peke yake. Ukimpa mmoja ndizi, na wa pili ndizi. Ukimsalimu mmoja, umsalimu na mwenzake. Nikimchapa mmoja, na wa pili namgusa na kiboko hata kama alikuwa amelala. Mmoja akinyimwa moyo unamwuma, anaugua, anaondoka, na akiondoka anamvuta mwenzake. Mimi nilikuwa na Opio wangu na Adongo wangu, mapacha wenye majina haya haya ya desturi, pale Rubongi, kabla ya Ochwo kuzaliwa. Jamaa wa koplo alimletea Adongo gauni, Opio hakuletewa kitu. Nilicheka, nikasema watoto hawajui nguo. Opio nilimzika Jumatano. Adongo alimfuata siku ya tisa. Ochwo hajakuambia kwa sababu hajui, na usimwambie.

Sasa habari yako unayoitaka. Jana kanga wa jirani waliruka juu ya ua wakipiga kelele. Adongo alikuwa anachimba udongo. Aliacha. Akasimama, akageuka upande wa kulia, akawatafuta mpaka akawaona, kisha akanitazama mimi kama aliyenikamata nikimficha kitu. Nilipiga makofi, akacheka. Nakuandikia kwa sababu ni haki yako. Mimi mwenyewe nililia kidogo, jambo ambalo halikuhusu.

Apendi


Busia, 5 Julai 2020

Kwa Mama,

Salamu za upendo, na safari hii nazimaanisha. Sikujua habari ya watoto wako wa Rubongi. Pole, Mama. Sitamwambia Ochwo. Ule ukurasa wa kanga nimeukata nimeubandika ukutani juu ya kitanda changu.

Nilipousoma sikuweza kukaa tena. Tarehe 12 Juni nilipita njia ya panya na wanawake wawili wauza vitunguu. Tulivuka. Tulitembea kama nusu saa, nikawa nahesabu vituo vya kufika Paya, halafu vijana wa ulinzi wenye fimbo wakatutoa kwenye mihogo. Nilichapwa mgongoni na miguuni. Wakatufungia kwenye darasa la shule siku kumi na nne, watu ishirini na mmoja, ndoo moja, kisha wakaturudisha tulikotoka. Mwenye duka alikuwa ameajiri mwingine, nikamwomba mpaka akanirudisha.

Nilipokuwa mle darasani niliwaza neno lako moja. Umesema aligeuka upande wa kulia. Kanga walikuwa kulia kwake, au Adongo anasikia kulia tu? Angalia ile ya bluu, ya kushoto. Kuna taa ndogo. Ikiwaka kijani ni nzima. Nakuomba uniambie taa ni ya rangi gani.

Naleta betri tena, pakiti sita.

Mwanao,
Aidah


Paya, 22 Julai 2020

Kwa Aidah,

Salamu. Pole ya fimbo. Nilikukataza kwa simu mwezi Aprili usijaribu porini, ukasema unajua njia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe umeshukuru ni mgongo. Ungekufa mle kwenye mihogo ningewaambia nini watoto?

Wajukuu wazima, wamenenepa. Sasa wametulia kabisa, wako sawa, hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Wanalala wamekumbatiana. Nikimwita Adongo anakuja.

Betri usilete tena. Zimejaa kwenye kopo la majani ya chai, nashindwa pa kuweka majani. Ilukor naye nimwonee huruma.

Taa sikuitazama, macho yangu si ya kutazama vitaa.

Apendi


Busia, 8 Agosti 2020

Kwa Mama,

Salamu kwako na kwa watoto. Sisi wazima. Mama yangu amepata kikohozi, si kile.

Mama, mimi nauza dawa. Kazi yangu ni kujua kitu kinakwisha lini. Mashine mbili zikivaliwa kila siku, betri zilizokuja kwako kuanzia Aprili hadi Mei zilipaswa kwisha katikati ya Juni. Ungekuwa umenipigia simu wewe, unagomba, unasema nimewaacha watoto bila betri. Badala yake zimejaa kwenye kopo. Nimehesabu mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea.

Najua utasema namshuku mtu aliyenilelea. Ndiyo, nakushuku. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa kwetu mpaka ukifunguliwa ni mwendo wa asubuhi moja tu.

Jumapili tarehe 16, saa kumi jioni, nitapiga. Usizime. Mweke Adongo kwenye simu. Sitaki kusikia maelezo yako, nataka kumsikia yeye.

Aidah


Busia, 18 Agosti 2020

Kwa Mama yangu mpendwa Apendi,

Salamu nyingi, nyingi zaidi ya karatasi hii. Sisi wote wazima, kikohozi cha mama kimepona.

Amesema "mama". Mara mbili. Mtandao ulikuwa mbaya lakini nilisikia, na kila mteja aliyekuwa dukani alisikia, kwa sababu niliketi sakafuni nikalia na mtu aliyekuja kununua dawa ya minyoo akaniletea maji. Nimempigia Daktari Metrine. Anasema ni mapema kuliko alivyotegemea, na kwamba bibi huyo anafanya kazi nzuri kuliko wauguzi wake.

Nilikuandikia maneno mabaya mwezi huu. Nakuomba yachome moto. Naleta kitenge, kijani, ile rangi uliyoisifu siku ya ngoma.

Mwanao asiye na shukrani,
Aidah


Paya, 10 Septemba 2020

Kwa Aidah,

Salamu zako zimefika, na kitenge. Ni kizuri mno kwa mzee. Nimekiweka.

Usinishukuru sana. Mtoto ni mtoto, hukua tu. Nasikia mpaka utafunguliwa mwezi ujao. Ukija, usije na watu wengi.

Leo mkono umechoka, siandiki zaidi.

Apendi


Busia, 6 Novemba 2020

Apendi,

Sina salamu. Watoto wazima, na hiyo ndiyo habari ya nyumbani.

Jumamosi iliyopita nilikuja Paya na mkate na sukari. Ulinipa mkoba wa mashine ukasema Adongo amechoka nazo leo, na ile ya bluu "imekataa juzijuzi". Hukunitazama usoni, nikadhani unaona uchungu kuachana na wajukuu. Nilikukumbatia. Asubuhi nilipomvalisha ile nyekundu hapa Busia, alipiga yowe akaitupa, akaingia chini ya kitanda, akakaa huko hadi adhuhuri Opio alipomfuata.

Jumanne tulikuwa kwa Daktari Metrine. Aliiunganisha nyekundu na kompyuta. Hili hukulijua: mashine hizi zinahesabu siku zilizovaliwa. Metrine alitazama, kisha akanigeuzia kioo. Siku tisini. Nilishusha kalenda yake ukutani nikaanza na tarehe 11 Machi, kidole kikaishia tarehe 8 Juni. Barua ya kanga ni ya tarehe 2, kwa hiyo ile ilikuwa kweli. Barua ya Julai, kwamba ukimwita anakuja, iliandikwa na mtu aliyemvua mtoto masikio kwa wiki sita. Ya bluu haikuwaka kabisa. Metrine aliifungua ikatoa harufu ya pombe.

Bado nilikuwa sijaelewa. Opio alikuwa amekaa miguuni pangu. Akanyoosha mkono, akaichukua ile ya bluu mezani, akaibandika nyuma ya sikio lake. Ikaanguka. Akaibandika tena, akaishika isianguke, akatulia kama mtoto aliyezoea. Nikakumbuka zile kofia mbili za sufi ulizoweka mkobani. Nilizitoa. Kila moja ina kifuko kimoja, kimeshonwa kwa uzi wako mweusi. Metrine akaniuliza huyu mwingine ana tatizo gani la masikio. Nikamwambia hana. Anasikia mpaka jirani akikohoa.

Na aliyeniita mama kwenye simu alikuwa nani? Usijibu. Adongo hana neno hata moja. Sauti anazotoa ni zile zile alizokuwa nazo kabla ya kupasuliwa. Metrine ni mtu wa kweli, hakunifariji. Tutaanza upya, lakini miezi hii hairudi, na maneno hawezi kuniahidi. Nimemwona binti yangu akikaa kwenye zulia na watoto waliopasuliwa wiki moja naye. Wenzake wanaitwa wanageuka. Yeye anamtazama Opio ajue afanye nini.

Ulinifundisha desturi yenu nami nimeishika. Pacha hapewi peke yake, na hanyimwi peke yake. Adongo hakuisikia sauti yako tangu Juni, kwa hiyo na Opio hataisikia. Hatakuja Paya. Hutazungumza naye kwenye simu. Jina lako halitatajwa katika nyumba hii hadi siku Adongo atakapolitamka mwenyewe kwa kinywa chake, na ikiwa siku hiyo haipo, basi haipo kwa wote wawili. Ochwo nimemwambia uamuzi huu. Hakunikataza.

Usinilaumu. Mimi nimegawa sawa.

Aidah


Paya, 29 Novemba 2020

Kwa Aidah, mama wa wajukuu zangu,

Nakusalimu, ukipenda uikatae. Karanga za msimu wa pili zimetoka, nimezichuma peke yangu. Boma limenyamaza. Alungat jirani anakuja kuniuliza watoto wako wapi, namwambia wako shule.

Desturi umeitumia vizuri kuliko nilivyotegemea. Siombi uibadilishe. Ila kompyuta yako ilikuambia siku tu, haikukuambia yaliyobaki, na ni afadhali uyajue kwangu.

Opio alipougua Aprili, niliona masikio mawili yako kwa mmoja na mwenzake hana kitu. Mimi naishi na moja, nikaona moja linatosha. Nikagawa. Homa ikatoka, nikajua nimeona sawa. Ya Opio haikushika kichwani, ndiyo nikashona kofia, na ya Adongo nikaishonea vilevile ili zifanane. Tarehe 8 Juni nilikuwa nachuja pombe ya nafaka ya wimbi, nikaikuta ya bluu ndani ya chungu. Opio ndiye aliyeitumbukiza. Sasa Adongo ana yake na Opio hana. Nilimkumbuka Opio wangu wa Rubongi na lile gauni. Sikungoja homa. Niliivua ya Adongo saa ile ile. Ulikuwa umeniandikia kwamba mwaka huu ndio mwaka wake, nami nilikuwa nimeisoma barua mara nyingi kuliko ulivyofikiri. Nilichagua kuwa na wajukuu wawili, mmoja kiziwi. Sijui hata leo kama nilikosea kuhesabu. Kudanganya nilikosea.

Kwenye simu alikuwa Opio. Hakutaka kusema. Nilimfinya paja ndipo akaita.

Lililobaki ni hili. Asubuhi ya tarehe 9 Adongo aliamka akaitafuta. Akaikuta juu ya kigoda, akaniletea mkononi mwake, akajigonga kichwa pale ilipokuwa ikikaa. Nilimnyang'anya nikaiweka juu ya kabati la vyombo. Kesho yake alisimama chini ya kabati ameinua mikono yote miwili. Kesho kutwa vilevile. Hakulia. Alinitazama mdomo, akagonga kichwa, akainua mikono. Opio alikuwa akija kumvuta waende nje, anakataa. Siku saba alikuja, na siku saba nilimgeuzia mgongo nikajifanya naosha vyombo.

Siku ya nane alipoamka alipita chini ya kabati bila kuinua macho, akaenda kumsaidia Opio kufukuza kuku kwenye wimbi lililoanikwa.

Apendi